Kila Kirukacho

Nyangi mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unafagia uwanja, ukaniitikia bila kuinua uso, kwa hiyo hapa naziruka. Sasa ni alasiri. Wewe umeshuka Musoma kuagana na wenzako wa shule, Wegesa yuko nyuma anakukaangia karanga za njiani, na mimi nimekaa mlangoni na hii kalamu inayogoma mpaka uipulizie. Kesho unaondoka.

Najua utacheka. Watu huwaandikia barua ndefu watoto wanaokwenda ng'ambo, mimi namwandikia mtoto anayekwenda Bunda. Kutoka hapa Butiama mpaka Kabasa, huko huko Bunda, mtu anafika chai aliyoiacha kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba umbali wenyewe si wa barabara. Unakwenda kuishi kwa baba yako, na hujawahi kuwa na baba, na mimi sijui ukishampata mimi utaniweka wapi. Hilo ndilo linalonikalisha hapa. Nimelisema mapema nisije nikazunguka nalo mpaka karatasi ikaisha.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutoazima watu simu yako, Wegesa ameshakwambia, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka. Mimi nina neno moja tu, na wala si la kwetu. Ni la Kiebrania, la Wayahudi wa zamani. Nimekaa nalo muda mrefu bila kukupa.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili nikawa nashuka Musoma kila wiki, majirani wakasema Mama Nyangi kapata kazi ya ofisini uzeeni. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti na kusikiliza. Kulikuwa na watu wanaotafsiri Biblia kwa lugha yetu ya nyumbani, na walimtaka mtu anayeijua lugha vizuri lakini Biblia haijui sana, wamsomee kipande, halafu wamuulize amesikia nini. Kwa sifa hiyo ya pili nilifaa kupita kiasi. Wazee wa kanisa walinitenga na meza ya Bwana tangu nilipomuoa Wegesa, na mtu akishatengwa anazoea kusikiliza mahubiri kwa nje, karibu na dirisha, ambako pia ndiko kwenye upepo.

Habari ya ndoa ile unaijua, lakini umeisikia zaidi kwa midomo ya watu, acha na mimi niiseme. Mume wangu alifariki sijamzalia. Kwa desturi yetu, nyumba isiyo na mtoto imefungwa, na mwanamke mwenye nyumba hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, aje amzalie watoto. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoita. Msichana anajitafutia mwanaume anayempenda, na mwanaume huyo hana dai lolote. Watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Basi nikatoa, akaja Wegesa, binti mcheshi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Nilitaka mtoto wa kiume. Hilo sikulificha, kila mtu alijua ng'ombe wale walitoka kwa ajili ya mvulana wa kushika jina.

Ukazaliwa wewe. Watu wakaja kunipa pole, Nyangi, na wengine walikuja wamefunga khanga za msibani kabisa. Nikakupokea, ukapiga chafya, nikasahau nilikuwa nataka nini. Wegesa hakuzaa tena na mimi sikuuliza tena. Ulipoanza kusema uliniita mimi Mama, na yeye ukamwita Wegesa kama nilivyokuwa namwita mimi, na hakuna aliyekusahihisha. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Halafu ukaanza shule, wakakuita popo.

Uliingia siku ile ukakaa pale pale nilipokaa mimi sasa, begi liko mgongoni bado. Ukasema wamekuimbia njia nzima, popo si ndege, popo si mnyama, Nyangi hana baba, ana mama wawili. Ukaniuliza, "Mama, popo ni nini?" Ningeweza kukujibu. Badala yake nilikasirika, na unajua hasira zangu huwa zinatafuta kazi ya mikono. Darini kwetu kulikuwa na popo miaka yote, wanaingilia lile tundu chini ya paa upande wa mashariki. Nikachoma pilipili kwenye kigae, nikapandisha moshi, nikaziba tundu kwa matambara. Nilidhani nikiwafukuza wao na lile jina litaondoka. Kumbe walikuwa na watoto, wakawa wanadondoka sakafuni, wekundu, macho yamefumba, na wewe unawaokota kwa sketi ya shule huku unalia. Mwaka ule mbu walitula. Wegesa alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki.

Sasa nikurudishe Musoma. Chumba tulichokaa kilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Msomaji wetu alikuwa Mwalimu Magesa, kijana mpole aliyesomea hicho Kiebrania, anaongea taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Siku hiyo tulikuwa mwanzo kabisa, kule viumbe vinapoumbwa. Akasoma, akaniuliza nimesikia nini.

"Nimesikia ndege," nikasema.

"Ndege gani, mama?"

"Kunguru. Mwewe. Kuku naye, kama akijitahidi."

Akacheka, wakacheka wote. Akasema tatizo ndilo hilo, sote tunasikia ndege, na neno lililoandikwa pale ni pana kuliko ndege. Akalitamka: of. Ni fupi hivyo hivyo, kama mtu amezima mshumaa. Akasema Wayahudi wana neno lingine la ndege peke yake, ila hili la of linachukua kila kiendacho hewani kwa mabawa. Tai yumo. Njiwa yumo. Nzige wamo, na wadudu wote wenye mabawa. Watu wale wa zamani walipotazama juu hawakuanza kuuliza huyu ana manyoya au ana ngozi, huyu anataga au ananyonyesha. Waliuliza jambo moja, anaruka?

Nikauliza, nakumbuka sauti yangu ilitoka ndogo, "Na popo?"

"Popo yumo, mama. Kule kwenye sheria za vyakula wametaja aina za of wasioliwa, wanaanza na tai, popo ndio wa mwisho. Lakini yumo."

Nikasema afadhali, asiyeliwa anakaa muda mrefu. Nikauliza na kumbikumbi, maana hao nimewala tangu sina meno. Akaangalia kitabu chake, akasema kwa huruma kwamba wenye ruhusa ni wale wenye miguu ya kurukia, panzi na nzige, kumbikumbi hadhani. Nikamwambia basi Butiama nzima tumekwisha. Walicheka tena, mimi nikaomba ruhusa nikatoka nje.

Nilikwenda kusimama ufukweni, kwenye mawe. Ilikuwa jioni ile ya wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaoinuka majini kwa wingi mpaka ukiwa mbali unadhani kuna kisiwa kinaungua. Wingu lao lilikuwa linasogea juu ya maji polepole, halina haraka, na yangeyange walikuwa wanapita ndani yake wanarudi kulala, na mbayuwayu, na juu kabisa mwewe mmoja anazunguka. Jua lilikuwa linazama. Halafu kutoka kwenye miti ya nyuma yangu wakaanza kutoka popo, kwanza mmoja, kisha wengi, wakaingia katika lile wingu pamoja na wengine wote. Macho yangu si mazuri. Sikuweza tena kusema yupi ni nani. Kulikuwa na mabawa tu na mwanga wa jioni, na mimi nikawa nalisema lile neno kwa pumzi, of, of, mpaka mvuvi mmoja akaniuliza kama nimepungukiwa na hewa.

Tangu siku hiyo huwa naota. Naota niko ndani ya nyumba hii na paa halipo, na juu yangu wanapita, wanapita tu, wakubwa na wadogo, bila kelele, na katikati yao kuna mtoto amevaa sketi ya shule. Haanguki. Huwa naamka nimetulia sana, nakaa kitandani nasikiliza unavyopumua chumba cha pili.

Nilitaka kukwambia siku ile ile. Nikafika nyumbani nikakukuta unaosha vyombo unaimba, nikaona nikilitoa neno hilo itabidi nitoe na ule wimbo wa njiani, wakati wewe labda umeshausahau. Nikanyamaza. Nimejifunza baadaye kwamba watoto hawasahau nyimbo, wanaziimba kimoyomoyo.

Ndipo mwezi uliopita akaja Masatu. Nilimjua kabla hajasema jina, maana alikuwa anapanda kilima akitembea kwa mwendo wako, bega moja mbele. Miaka ile alikuwa fundi wa paa, amekuja kuezeka shule, kijana wa Kijita kutoka kando ya ziwa. Sasa anachomelea mageti Kabasa, ana mke, ana watoto. Alikaa kwenye benchi amebana khanga aliyoniletea, jasho linamtoka, na chai hakuigusa. Akasema, "Sijaja kudai, mama. Najua sina haki. Naombaga tu kama mtoto atakubali, akae na sisi, na chuo asomee Bunda akitokea kwangu. Nimekuwaga namuwaza miaka yote hii."

Wegesa alikuwa amesimama mlangoni. Wewe ulikuwa unamtazama mikono. Nikakuona unatazama mikono yake, kisha ya kwako.

Jumapili yake akaja baba yako mdogo Chacha, ndugu wa marehemu mume wangu, na wazee wawili wa ukoo. Ulikuwa jikoni ukasikia, ukuta wetu hauna siri. Chacha akasema, "Shemeji, yule mtoto ni wa ng'ombe zetu. Huyo Mjita hakutoaga hata mbuzi. Leo kakua, kasoma, ndio anakuja kubeba? Ukimwachia umefunga nyumba kwa mkono wako mwenyewe." Akaniuliza naonaje. Nikasema naona tunywe chai kwanza. Ila moyoni, mwanangu, nilikuwa upande wake. Kwa desturi nina haki ya kukuzuia na hakuna mzee hata mmoja atakayenilaumu. Nililala na haki yangu siku hiyo nikiikumbatia vizuri.

Jioni ukanijia tukichambua mboga. "Mama, nikienda kule Kabasa, huku nitakuwa wa nani?"

Nilikujibu ukachote maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ukaenda. Ulikaa kisimani mpaka giza. Neno la kukupa ninalo sasa, ila niliendee kwa njia yangu ya kuzunguka, unanijua.

Kichuguu cha nyuma ya zizi unajua ni changu. Vichuguu vina wenyewe, na mtu akija kutega kumbikumbi pale bila kuniomba ni kesi, tutafika mpaka kwa mwenyekiti. Ulikuwa mdogo sana, hata shule bado, siku mvua ilipokatika mchana nikakuita tukatege. Wegesa akafunika kichuguu kwa matawi na blanketi kuukuu, tukaacha tundu moja na shimo chini yake. Wewe nikakupa vijiti viwili ugonge ardhi taratibu, ili wao huko ndani wadhani mvua bado inanyesha. Uligonga vizuri, umeuma ulimi, unanong'ona mvua, mvua. Wakaanza kutoka. Tukaona blanketi linatikisika kwa ndani. Nikageuka kuchukua sufuria, na niliporudi ulikuwa umelifunua.

Wakatoka wote. Sijui kama unakumbuka. Walipanda juu yako ukabaki umesimama katikati yao, mikono umeinyoosha, na jua limetoka likapita kwenye mabawa yao, na kwa muda sikukuona, nilisikia tu unacheka. Watoto wa jirani wakaja mbio wanadaka hewani, na mama yao akanyanyua upande wa khanga anakinga. Nikaanza kufoka kwamba kichuguu ni changu. Yule jirani akanijibu bila hata kuacha kukinga, "Mama Nyangi, kichuguu ni chako. Zikisharuka zina mwenyewe?" Na ni kweli, ndiyo sheria yetu tangu zamani. Waliomo ndani ni wa mwenye kichuguu. Wakishakuwa hewani si wa mtu. Nililala na njaa ya kumbikumbi siku hiyo, na wewe ulilala na mabawa kwenye nywele.

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuuliza huyu ni wa nani. Wa ng'ombe za nani, wa nyumba ipi, wa kanisa lipi. Nilimwoa Wegesa kwa swali hilo na nilitengwa kwa swali hilo hilo. Hata wewe nilikufunika, kwa mapenzi, nikawa nagonga vijiti kwamba nje bado kuna mvua. Nilikwambia Musoma kuna wezi, nikakwambia bweni lina kunguni. Mtoto amemaliza kidato cha sita hajalala nje ya nyumba hii zaidi ya msibani. Wegesa alinionya. Jana wakati wa chakula cha usiku aliniambia, "Mwache aende. Mimi niliporudigi kwetu na kichanga, ulinifuata na fimbo ya kudai ng'ombe?" Sikumfuata. Alikaa kwao mpaka pamba ilipokuwa tayari kuvunwa, kisha nikamwona asubuhi moja yuko shambani, wewe mgongoni, anavuna kama hakuondoka. Sijawahi kumuuliza alirudi kwa nini.

Kwa hiyo uliuliza utakuwa wa nani. Sina jibu hilo, Nyangi, nimeacha kulitafuta. Ninalojua ni kwamba watu wale wa zamani walikuwa na neno ambalo ndani yake hata wewe uliyeimbiwa njia nzima hukosi nafasi, na hawakuhitaji kukutafutia baba ili wakuweke. Nimelikubali neno hilo kuliko yote niliyosomewa. Mwalimu Magesa na wenzake, mpaka naacha kwenda, walikuwa bado wanabishana namna ya kulitafsiri kwa lugha yetu. Mimi nilikuwa nishalitafsiri, sikuwaambia.

Ukifika Kabasa, usimwite baba mpaka neno lenyewe litoke. Likitoka, usilimeze kwa ajili yangu. Mkewe atakuwa na hofu na wewe, mwanzie wewe salamu kila asubuhi hata akikujibu nusu mdomo. Wale watoto wakikuuliza una mama wangapi, sema wawili, na usishushe sauti. Na ukimpenda Masatu, mpende wote, usimpimie. Mimi nitaumia, siwezi kukudanganya, naumia hata sasa ninapoandika, lakini hilo niachie mwenyewe, nina umri wa kutosha kulibeba.

Kesho Chacha atakuja mapema, amesema atakaa hapo njiani na kigoda chake. Usimjibu. Mimi nitalibeba begi lako, nitapita mbele yake, nitamwambia kichuguu ni changu na blanketi nimelifunua mwenyewe. Ataelewa. Atakasirika, lakini ataelewa, yeye ni mtu wa hapa.

Kuna jambo moja nimeliwaza tangu mchana na bado halijatulia. Kumbikumbi hawarudi. Wanaangusha mabawa huko walikofika, wanachimba kichuguu chao, na hicho nacho kinakuwa kwao. Nimetazama miaka mingi, sijaona aliyerudi. Popo nilifikiri ni hivyo hivyo, baada ya moshi ule wa pilipili. Lakini masika ya pili matambara yalioza yakadondoka, na jioni moja nikasikia dari linakwaruza, wamo. Nilikaa nikawasikiliza mpaka uji ukaungua.

Wewe sijui utakuwa wa namna gani, na sitakuuliza. Neno lile nalo halikuuliza wakishapaa wanakwenda wapi.

Ila leo asubuhi, ulipokuwa umeshashuka Musoma, fundi amekuja kurekebisha paa. Amelizungukia lote, amepiga misumari kote, halafu akafika upande wa mashariki akaniita kwa juu kwamba kuna tundu huku, mama, nilizibe? Nimemwambia aliache.

Mimi mama yako.